Mjamzito mwenye presha: kipimo gani cha damu kitangulie?

Mama ana mimba ya wiki 33. Presha yake ni 152/98, imepimwa tena baada ya saa 4 na bado iko palepale. Kijiti cha mkojo kimetoa protini ya alama mbili za kujumlisha. Daktari ameandika vipimo: picha kamili ya damu, kreatinini, urea, asidi ya yuriki, ALT, AST, ALP, bilirubini, albumini, LDH, madini ya damu, muda wa damu kuganda. Mume anateremka na karatasi hadi dirisha la maabara, anatajiwa jumla, anarudi wodini kimya. Kisha anauliza swali ambalo nimelisikia zamu nyingi za usiku: "Sista, kwenye hii karatasi, kipi ni cha lazima leo?"

Ni swali la haki. Halitokani na uchoyo wala kutomjali mke. Hata pale vipimo vinapotolewa bure, vitendanishi huisha, mashine ya kemia huharibika, na sampuli iliyopelekwa hospitali ya mkoa hurudi na majibu kesho yake. Lazima mtu achague. Hapa naviweka vipimo hivyo kimoja mbele ya mwenzake, nikieleza kila kimoja kinatuambia nini juu ya mama mwenye presha na mimi ningeanza na kipi.

Jibu langu nalitoa mapema kwa ajili ya aliye zamu na hana muda: chembe sahani (zile za kugandisha damu, zinazosomwa kwenye picha kamili ya damu), kreatinini (taka inayotolewa na figo), na AST (kimeng'enya cha ini), au ALT pale ambapo AST haipo. Hivyo vitatu kwanza, na virudiwe. Vingine vinafuata nyuma, na baadhi yake mama wengi hawavihitaji kabisa.

Lakini presha ikifika 160/110, au mama akilalamika kichwa kisichosikia dawa, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu ya chembe cha moyo, pumzi kubana, au akipata degedege, hakuna jibu la maabara linalosubiriwa. Dawa ya kushusha presha na magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, hutangulia, damu ikichotwa huku matibabu yanaendelea.

Kwa nini damu inabadilika

Chanzo kiko kwenye kondo la nyuma. Katika mimba iliyokaa vizuri, mishipa midogo ya mji wa mimba hupanuka ili damu iingie kwa wingi bila kusukumwa kwa nguvu. Kwa mama atakayepata priklampsia, yaani ugonjwa wa ujauzito unaopandisha presha na kuumiza viungo kama figo na ini, hasa ile inayoanza mapema, upanuzi huo haukamiliki. Kondo linakosa damu ya kutosha, nalo linamwaga kwenye damu ya mama protini iitwayo sFlt-1. Protini hiyo huinasa nyingine iitwayo PlGF, ambayo husaidia kuutunza utando wa ndani wa mishipa. Watafiti wa Boston waliionyesha njia hii mwaka 2003. Utando ukikosa matunzo hujeruhika mwili mzima, na majeraha hayo ndiyo tunayoyasoma kwenye karatasi ya maabara. Figo hupitisha protini na kuchelewa kutoa kreatinini. Chembe za ini hufa na vimeng'enya vyake kumwagika kwenye damu. Chembe sahani hukimbilia kuziba palipochubuka, zikatumika na kupungua. Chembe nyekundu zinazolazimika kupenya kwenye vijishipa vilivyoziba nusu huchanika.

Kwa hiyo hakuna kipimo kimoja kinachoona yote. Mama anaweza kuwa na kreatinini nzuri kabisa na chembe sahani 60,000. Mwingine ini lake liko salama na figo zinaelekea kufunga.

Mkojo au damu?

Kwa miaka mingi protini kwenye mkojo ndiyo iliyokuwa mlango: bila protini, hakuna priklampsia. Mwaka 2013 ACOG, chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani, kilibadilisha hilo. Mama mwenye presha iliyoanza baada ya wiki ya 20, hata mkojo wake ukiwa safi, anahesabiwa kuwa na priklampsia kama chembe sahani ziko chini ya 100,000, kreatinini imepita mikromoli 97 kwa lita (yaani miligramu 1.1 kwa desilita) au imekuwa maradufu, vimeng'enya vya ini vimefika mara mbili ya kikomo, au ana maji kwenye mapafu, kichwa kikali au shida ya macho. Mabadiliko hayo yalipaswa kubadilisha tabia zetu, na bado naona mahali hayajafika. Mama mwenye presha 150/100 na mkojo safi anaambiwa arudi kliniki baada ya wiki mbili bila kuchotwa hata tone la damu.

Kijiti kina sifa zake. Ni rahisi, kiko karibu kila zahanati, na majibu hutoka kabla mama hajavaa viatu. Ila hudanganya kwa pande zote mbili. Mkojo mwepesi wa mama aliyekunywa maji mengi huficha protini. Mkojo wenye uchafu wa ukeni, damu, au maambukizi ya njia ya mkojo huonyesha protini isiyotoka kwenye figo. Kwa wenzetu wa maeneo yenye kichocho cha mkojo, ugonjwa huo nao huingiza damu na protini kwenye mkojo. Maabara yenye uwezo wa kupima uwiano wa protini na kreatinini kwenye mkojo mmoja inakuepusha na mambo mengi: miligramu 30 kwa milimoli na zaidi ni jibu la kuaminika, bila kumlazimisha mama kubeba dumu la mkojo wa saa 24.

Tofauti kubwa ni hii: mkojo unasaidia kuutambua ugonjwa, damu inakuambia umefika wapi. Na protini ikishajulikana ipo, kuipima tena kila asubuhi hakuongezi uamuzi wowote. Wingi wake hautabiri vizuri nani atapata degedege. Siku mama amelazwa, kijiti cha pili na cha tatu ningeviacha, pesa hiyo iende kwenye chembe sahani.

Kreatinini mbele ya asidi ya yuriki

Hapa ndipo nataka kukaa, maana ndipo makosa mengi yanapofanyika.

Asidi ya yuriki inapendwa. Katika priklampsia hupanda mapema, mara nyingi kabla kreatinini haijasogea, kwa sababu figo hupunguza kuitoa mkojoni. Kwa hiyo huonekana kama mlinzi mzuri. Shida ni kwamba haitofautishi vizuri mama atakayeharibikiwa na yule atakayefika salama. Hupanda pia kwa kawaida mimba inapokaribia kukomaa. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyotoka mwaka 2006 yaliiona kuwa kitabiri dhaifu cha madhara. Na zaidi ya yote, jiulize: ikirudi imepanda, utafanya nini ambacho usingefanya bila hiyo? Huna dawa ya kuishusha katika ugonjwa huu, wala mwongozo hausemi mama azalishwe kwa sababu ya asidi ya yuriki peke yake. Ninaikubali sehemu moja tu: pale mama ana presha ya siku nyingi tangu kabla ya mimba, sasa imepanda, na hujui kama ni ile ya zamani au priklampsia imejipachika juu yake. Hapo asidi iliyoruka kutoka kiwango cha mwanzo wa mimba huongeza shaka. Lakini lazima uwe na kiwango cha mwanzo, na mara nyingi hakipo.

Kreatinini haina haraka kama hiyo, ila neno lake ni zito. Ikipanda, uamuzi unabadilika: dawa unazotoa, kiasi cha maji unachomwekea, hata dozi ya magnesiamu. Magnesiamu hutoka mwilini kupitia figo. Mama mwenye kreatinini iliyopanda hupewa dozi ya kwanza kama kawaida, lakini dozi za kuendeleza hupunguzwa au husimamishwa, la sivyo inajikusanya mwilini hadi pumzi isimame. Hakuna kipimo kingine kwenye ile karatasi kinachogusa usalama wa dawa tunayompa usiku huohuo.

Sasa kosa lenyewe. Katika ujauzito figo huchuja damu kwa kasi kubwa zaidi, karibu nusu zaidi ya kawaida, kwa hiyo kreatinini ya mjamzito mwenye afya hushuka. Wengi huwa kati ya mikromoli 35 na 75. Karatasi ya maabara lakini imechapwa viwango vya mwanamke asiye na mimba, vinavyofika 90 au zaidi. Mama aliyekuwa na 45 wiki ya 14 akija na 88 wiki ya 32, mashine haiweki nyota wala mshale. Karatasi inasema "kawaida". Ukweli ni kwamba uchujaji wa figo zake umepungua karibu nusu. Nimewahi kupokea mama wa rufaa akiwa na karatasi ya namna hiyo, ameruhusiwa kwenda nyumbani siku 3 kabla kwa sababu "figo ni nzima". Alifika kwetu mkojo umekauka. Ndiyo maana nasema kwa sauti: hata yale makadirio ya uchujaji wa figo ambayo mashine hujitolea yenyewe chini ya karatasi, kwa mjamzito hayafai.

Angalia pia kizio. Maabara moja hutoa mikromoli kwa lita, nyingine miligramu kwa desilita. Kreatinini ya 1.0 ya kizio cha pili ni sawa na 88 ya kizio cha kwanza. Mama akihama hospitali, kokotoa kwanza, ndipo ulinganishe.

Na ukutane na mama anayeishi na VVU aliye kwenye dolutegravir, kumbuka kwamba dawa hiyo huipandisha kreatinini kidogo bila kuidhuru figo. Kiwango chake cha mwanzo, akiwa tayari kwenye dawa, ndicho cha kulinganishia.

Urea hufuatana na kreatinini lakini huyumba na chakula, upungufu wa maji na kutapika. Ukiwa na kreatinini, urea naiacha bila majuto.

Karatasi moja, viwango viwili

Nimeweka hapa viwango ninavyotumia kusomea karatasi. Ni vya makadirio, na maabara yako inaweza kutofautiana kidogo.

| Kipimo | Asiye na mimba | Mjamzito mwenye afya | Penye presha, hapa nashtuka |
|---|---|---|---|
| Kreatinini (µmol/L) | 45–90 | 35–75 | 90 na zaidi, au maradufu ya awali |
| Chembe sahani | 150,000–450,000 | hushuka kidogo kuelekea kujifungua | chini ya 150,000 nafuatilia, chini ya 100,000 ni hatari |
| AST na ALT (IU/L) | hadi 35–40 | sawa au chini kidogo | zaidi ya 40 nafuatilia, mara mbili ya kikomo ni hatari |
| ALP | hadi kama 120 | hata mara 2 au 3, inatoka kwenye kondo | peke yake hainishtui |
| Albumini (g/L) | 35–50 | karibu na 30 | ikishuka sana, chunga maji ya mapafu |
| Hemoglobini (g/dL) | 12 na zaidi | 11 na zaidi | ikipanda ghafla |

Mstari wa mwisho unahitaji maelezo. Mjamzito mwenye afya huongeza maji ya damu kwa asilimia 40 hadi 50, zaidi ya anavyoongeza chembe nyekundu, kwa hiyo damu yake huonekana nyepesi. Katika priklampsia kali mishipa huvuja, maji yanahamia kwenye miguu, uso na mapafu, na damu iliyobaki inakuwa nzito. Mama aliyekuwa na hemoglobini 10.8 akija na 13.2 anapongezwa kliniki kwamba vidonge vya madini chuma vimefanya kazi. Kama presha nayo imepanda, pongezi hizo zisitolewe haraka. Na akivuja damu wakati wa kujifungua, huyu hana akiba ya maji ndani ya mishipa; anazimia mapema kuliko mwenzake.

Chembe sahani, au vipimo vya kuganda?

Kama ningeruhusiwa kipimo kimoja tu, ningechukua picha kamili ya damu, na macho yangu yangekwenda kwanza kwenye chembe sahani. Mashine yake ipo hata kwenye vituo vya afya vingi visivyo na mashine ya kemia, na katika ugonjwa huu mwelekeo wa chembe sahani unasema mapema. Kutoka 240,000 hadi 165,000 kwa siku mbili bado ni "kawaida" kwa karatasi, lakini mimi mama huyo simpeleki nyumbani.

Vipimo vya muda wa kuganda ni ghali zaidi, na kwa kawaida havihitajiki kama chembe sahani ziko juu ya 100,000, vimeng'enya vya ini viko sawa na hakuna kondo lililobanduka. Vinapohitajika na havipo, kuna njia ya zamani ambayo Shirika la Afya Duniani bado linaifundisha: mililita 2 za damu ya mshipa kwenye kijichupa kikavu cha kioo, ukikishika ndani ya kiganja kipate joto la mwili. Baada ya dakika 4 kiinamishe taratibu, na uendelee kila dakika. Kama dakika 7 zimepita bila donge, au donge ni laini linalovunjika, damu haigandi vizuri. Kwa kuamua kama mama anaweza kuvumilia safari ya rufaa bila damu ya akiba kwenye gari, kijichupa hiki kimenisaidia kuliko jibu lililochapwa likaja alfajiri.

Idadi ya chembe sahani inamhusu pia mtaalamu wa usingizi. Wengi huridhika kuchoma sindano ya mgongoni kama ziko juu ya 70,000 hadi 80,000 na haziporomoki. Jibu la jana kwa mama ambaye zinashuka halimsaidii. Anahitaji la saa chache zilizopita.

Kuna tahadhari ya kwetu. Malaria hushusha chembe sahani, hupasua chembe nyekundu, huleta homa na kichwa. Kila mama mwenye presha na chembe sahani kidogo apimwe malaria kwa kipimo cha haraka, na ikipatikana, isichukuliwe kwamba imejibu kila kitu. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili.

AST, ALT, LDH na wenzao

AST na ALT husema karibu jambo lilelile juu ya ini. Tofauti ni kwamba AST imo pia ndani ya chembe nyekundu na misuli, kwa hiyo hupanda damu ikipasuka. ALT ni ya ini zaidi. Kwa mama mwenye presha, kasoro hiyo ya AST inageuka faida, kwa sababu tunatafuta vyote viwili, ini na kupasuka kwa damu. Ndiyo iliyomo kwenye kikokotoo cha fullPIERS kilichochapishwa mwaka 2011, kinachokadiria hatari ya mama ndani ya saa 48. Vitu vyake ni umri wa mimba, maumivu ya kifua au pumzi kubana, oksijeni ya kidoleni, chembe sahani, kreatinini na AST. Asidi ya yuriki haimo. Kulipia AST na ALT zote mbili kila siku si lazima. Chagua moja na ushikamane nayo ili ulinganishe sawasawa.

LDH, kimeng'enya kinachomwagika chembe zikipasuka, huingia pale unapohofia HELLP, hali ambayo daktari Louis Weinstein aliipa jina mwaka 1982: chembe nyekundu kupasuka, vimeng'enya vya ini kupanda, chembe sahani kushuka. Kipimo kinachotumiwa sana ni LDH 600 au zaidi, AST 70 au zaidi, na chembe sahani chini ya 100,000. Pasipo na LDH, mwombe mtaalamu wa maabara aangalie slaidi. Jicho lililozoea kutafuta vijidudu vya malaria linaweza kuona pia vipande vya chembe nyekundu zilizochanika, kwa darubini ileile.

Mama wa HELLP wengine presha yao haitishi. Anakuja na maumivu ya juu ya tumbo upande wa kulia na kutapika, anapewa dawa ya vidonda vya tumbo, anarudi nyumbani. Mjamzito aliyepita wiki ya 20 mwenye maumivu ya chembe cha moyo anastahili chembe sahani na AST kabla hajaandikiwa dawa ya asidi.

Vimeng'enya vikiwa juu sana, fikiria na mengine: homa ya ini ya virusi, ambayo mara nyingi huvipeleka kwenye mamia mengi au maelfu, methyldopa yenyewe, dawa ya presha ambayo kwa wachache huliudhi ini, na ini la mafuta la ghafla la ujauzito. Hili la mwisho ni nadra na huua haraka. Kinacholitenga na HELLP mara nyingi ni sukari ya damu: kwenye ini la mafuta hushuka, chini ya milimoli 4 kwa lita, kwenye HELLP hubaki ilivyo. Kipimo cha kidoleni cha sukari ni cha bei ndogo kuliko vyote nilivyotaja, na ni nadra kuona kimefanyika.

Bilirubini nahitaji tu kama macho yana manjano au LDH iko juu. Kwa mama mwenye selimundu, LDH na bilirubini huwa juu hata siku njema, kwa hiyo tegemea zaidi chembe sahani na kiwango chake mwenyewe cha zamani. Sodiamu na potasiamu hazibadilishi uamuzi kwa mama wengi, isipokuwa figo zimekwama au anatumia dawa za kukojoza. Mafuta ya damu hupanda katika kila mimba, na zaidi kwenye priklampsia, lakini hakuna unachofanya nayo wodini. Kalsiamu ya damu pia: haikuambii mama anakula kalsiamu ya kutosha au la, maana mwili huilinda damu kwa kuchota kwenye mifupa. Pesa ya kipimo hicho inunue vidonge. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Bangalore, ukachapishwa mwaka 2024, uliona miligramu 500 kwa siku hazikuwa nyuma ya 1,500 katika kuzuia priklampsia, na kidonge kimoja ni rahisi kumeza kuliko vitatu.

Magnesiamu ya damu wengine huiagiza kwa kila aliye kwenye dripu. Goti linalojibu nyundo, pumzi 16 au zaidi kwa dakika na mkojo usiopungua mililita 100 kwa saa 4 vinatosha, tena unavipata palepale kitandani.

Kile kipimo kipya

Tunaulizwa sasa juu ya PlGF na uwiano wa sFlt-1 kwa PlGF. Kazi yake ni tofauti na vyote vya juu: vile vinaeleza viungo vimeumia kiasi gani leo, hiki kinalitazama kondo. Utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha uwiano wa 38 au chini unaondoa priklampsia kwa wiki moja ijayo kwa uhakika wa zaidi ya asilimia 99. Uingereza, utafiti wa mwaka 2019 ulipunguza muda wa kufikia utambuzi kutoka siku 4.1 hadi 1.9. Marekani iliruhusu kipimo cha uwiano huo Mei 2023.

Kinafaa kwa mama wa kabla ya wiki ya 37 ambaye hujui umweke wodini au umrudishe nyumbani. Kwa yule mama wetu wa 152/98 na protini ya alama mbili, tayari tunajua ana nini. Kipimo hiki kisingetangulia mbele ya vile vitatu hata kama kingekuwepo dirishani.

Karatasi ndefu mara moja, au fupi mara nyingi?

Fupi mara nyingi, bila kusita. Ugonjwa huu unakwenda. Picha ya siku moja haionyeshi mwendo. Miongozo ya Uingereza inataka picha ya damu, figo na ini mara 2 kwa wiki kwa mwenye priklampsia, na mara 3 presha ikiwa kali. Pesa za karatasi ile ya vipimo 12 mara nyingi zinatosha kurudia vitatu mara kadhaa. Na mwenye presha ya tangu zamani achotwe mapema, kabla ya wiki ya 20, majibu yaandikwe kwenye kadi ya kliniki. Ndiyo mizani yake ya baadaye.

Damu yenyewe ichotwe vizuri. Sindano nyembamba, kuvuta kwa nguvu au kutikisa chupa hupasua chembe, na AST, LDH na potasiamu hupanda bila mama kuumwa. Maabara ikipiga simu kwamba sampuli imepasuka, chota tena kwa utulivu mkono mwingine. Ya pili nayo ikiwa nyekundu, acha kuilaumu sindano. Damu inapasukia ndani ya mama. Na chembe sahani zikirudi chache ghafla kwa mama aliye mzima, uliza kama zilishikana kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau. Slaidi itaonyesha mafungu.

Zahanati isiyo na maabara haikai bila chaguo. Kikokotoo cha miniPIERS cha mwaka 2014 hakitumii damu hata tone: uzazi wa ngapi, umri wa mimba, kichwa au macho, kifua au pumzi, kutoka damu pamoja na maumivu ya tumbo, presha ya juu, na kijiti cha mkojo. Mama huyo apewe rufaa, na ikiwa presha ni kali au dalili zimeanza, dozi ya kwanza ya magnesiamu itangulie safari.

Yule mume nilimwambia alipie vitatu usiku ule, na abakize pesa. Alishangaa nilipomwambia nyingine zitatumika baada ya mtoto kuzaliwa. Watu wengi hudhani kondo likitoka mambo yamekwisha, lakini chembe sahani mara nyingi hufika chini kabisa saa 24 hadi 48 baada ya kujifungua, na HELLP nyingine huanza hapohapo. Kwa hiyo kabla mama hajafunga kanga yake na kubeba mtoto kwenda nyumbani, achotwe tena: chembe sahani, kreatinini, AST. Kama chembe sahani bado zinashuka, kitanda ni chake bado.